Daftari la Mahudhurio ni Kanzidata: Namna Wanafunzi Wanavyoweza Kuunda na Kupima Nadharia Tete

Daftari la mahudhurio lililo juu ya meza ya kila mwalimu wa darasa nchini ni kanzidata, ingawa ni nadra kuitwa hivyo. Kila mstari ni mwanafunzi mmoja, kila safu ni siku moja, na kila alama ni jibu la swali moja tu: alikuwepo au hakuwepo. Katika mwaka wenye siku 194 za masomo, daftari la darasa la wanafunzi 60 hukusanya majibu 11,640. Kwa kawaida majibu hayo hujumlishwa mwishoni mwa mwezi, tarakimu moja ikapelekwa kwa Mwalimu Mkuu, na daftari likafungwa. Ndani yake hubaki maswali mengi ambayo wanafunzi wenyewe wangeweza kuyauliza na kuyatafutia majibu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, inasisitiza umahiri wa mwanafunzi badala ya kukariri. Neno umahiri limezungumzwa sana katika semina za walimu. Lisilozungumzwa vya kutosha ni nini hasa mwalimu afanye siku ya Jumatatu asubuhi ili mtoto wa darasa la sita au wa kidato cha pili ajifunze kutofautisha jambo analoliamini na jambo alilolipima. Makala haya yanaeleza njia moja, ile ya kutumia kanzidata, kwa kuchukua mifano kutoka Usoke na maeneo yanayoizunguka mkoani Tabora.

Usoke ni kata ya Wilaya ya Urambo, kando ya Reli ya Kati inayotoka Tabora kwenda Kigoma. Ni nchi ya misitu ya miombo, ambako familia nyingi hulima tumbaku na mahindi na kutundika mizinga ya nyuki. Mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mambo hayo machache yanatosha kumpa mwalimu mada za mwaka mzima.

Kanzidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa kwa utaratibu unaowezesha kuzitafuta, kuzichuja na kuzilinganisha. Si lazima iwe ndani ya kompyuta. Kinachoifanya iwe kanzidata ni kwamba kila rekodi ina sehemu zilezile, zikiwa zimeandikwa kwa namna ileile. Rekodi moja ikisema "mbali", nyingine ikisema "kilomita 4" na ya tatu ikiachwa wazi, hapo hakuna kanzidata bali kuna masimulizi. Somo la kwanza kwa wanafunzi ni hilo, nalo huchukua muda mrefu kuliko walimu wengi wanavyotarajia.

Nadharia tete ni kauli kuhusu jambo fulani ambayo ushahidi unaweza kuiunga mkono au kuiangusha. Kiswahili kimeipatia jina linalofaa, kwa kuwa kitu tete ni kile ambacho hakijawa imara. "Kwa nini watoto hawaji shuleni?" ni swali. "Watoto hawaji kwa sababu wazazi hawajali elimu" ni lawama, tena ni vigumu kuipima, maana hakuna safu ya daftari inayoonesha kujali. "Wanafunzi wanaotoka kaya zinazolima tumbaku hukosa vipindi vingi zaidi mwezi Machi kuliko wenzao" ni nadharia tete. Inataja kundi, inataja wakati, inataja kipimo, na muhimu kuliko yote, inaweza kuwa si kweli.

Mtanzania anayefahamika zaidi duniani kwa nadharia tete aliyoianzisha akiwa mwanafunzi ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa ndogo, naye akaharakisha na kuyaingiza maziwa yake yangali moto. Baadaye alikuta yake yameganda, huku ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa yakiwa bado. Alipouliza, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali hilo. Alipofika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, aliliuliza tena, na mwalimu akaliita fizikia ya Mpemba, isiyo fizikia ya watu wote. Kisha Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba alisimama mbele ya wenzake waliomcheka akamuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine 100, ukaviweka pamoja katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Osborne hakuwa na jibu, lakini alirudi Dar es Salaam na kulipima jambo hilo katika maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linaitwa duniani kote athari ya Mpemba.

Simulizi hii husomwa shuleni kama kisa cha mtoto aliyewashinda wakubwa. Ina sehemu ya pili isiyosimuliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayofaa zaidi kwa somo la kanzidata. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walichapisha utafiti katika jarida la Scientific Reports. Mbali na kufanya majaribio yao wenyewe, walikusanya matokeo ya majaribio yaliyokwisha kuchapishwa na wengine na kuyapanga kwa vipimo vinavyolingana. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuthibitisha athari hiyo katika maji. Hata tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kilipowekwa iliweza kubadili jibu. Wapo wanasayansi wasiokubaliana nao, na mjadala unaendelea. Hadhi ya Mpemba haipungui kwa hilo hata kidogo. Alitoa kauli iliyo wazi kiasi kwamba, zaidi ya miaka 50 baadaye, watu bado wanaweza kuipima. Mwanafunzi anayedhani sayansi ni orodha ya majibu sahihi anapaswa kusikia kisa hiki chote, si nusu yake.

Sasa turudi kwenye daftari la mahudhurio. Utoro ni jambo ambalo kila shule ya maeneo ya kilimo hulijadili katika vikao vya wazazi, na maelezo yake huwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Katika maeneo ya tumbaku maelezo yanayosikika haraka ni kwamba watoto wanasaidia kuchuma majani na kuyapeleka kwenye mabani ya kukaushia. Maelezo hayo yana uzito. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi yenye madhara, na majani mabichi ya tumbaku, hasa yakiwa na umande, yanaweza kupenyeza nikotini katika ngozi na kumletea mchumaji kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Hata hivyo, uzito wa jambo si uthibitisho kwamba ndilo chanzo cha madawati matupu katika shule fulani, mwezi fulani.

Ili kulipima, darasa linahitaji jedwali lenye safu nne au tano: namba ya mwanafunzi badala ya jina, kama kaya yake inalima tumbaku, umbali wa nyumbani hadi shuleni kwa kilomita, na siku alizokosa katika miezi miwili iliyochaguliwa. Mwezi mmoja uwe wa mavuno, tuseme Machi, na mwingine uwe wa ukavu kabla ya kupandikiza miche, tuseme Septemba. Kabla ya kuangalia tarakimu yoyote, wanafunzi waandike daftarini nadharia tete yao pamoja na sentensi moja ya ziada: "Tutakubali kwamba tumekosea ikiwa..." Sentensi hiyo ndiyo somo lenyewe. Mwanafunzi asiyeweza kuikamilisha bado hajaunda nadharia tete.

Tarakimu zifuatazo si za shule yoyote. Zimetungwa ili kuonesha hesabu inavyokwenda. Chukua darasa la wanafunzi 60, na miezi miwili yenye siku 20 za masomo kila mmoja. Mahudhurio yanayotarajiwa kwa mwezi ni 1,200. Septemba zilikosekana siku 60, sawa na asilimia 5. Machi zilikosekana siku 120, sawa na asilimia 10. Utoro umeongezeka maradufu wakati wa mavuno, na darasa zima, pamoja na mwalimu, litakuwa tayari kutamka hukumu.

Hapo ndipo kanzidata inapoonesha faida yake juu ya jumla ya mwezi. Chuja kwa safu ya tumbaku. Wanafunzi 24 wanatoka kaya zinazolima tumbaku na 36 hawatoki. Septemba kundi la kwanza lilikosa siku 24 kati ya 480, na la pili siku 36 kati ya 720. Yote mawili ni asilimia 5. Machi kundi la kwanza lilikosa siku 48 kati ya 480, na la pili siku 72 kati ya 720. Yote mawili ni asilimia 10. Ongezeko ni lilelile. Kama uchumaji wa majani ndio ungekuwa chanzo, watoto wa kaya zisizolima tumbaku wasingeongezeka sawasawa na wenzao. Nadharia tete ya kwanza imeanguka.

Chuja tena, safari hii kwa umbali. Wanafunzi 20 wanaishi zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni, na 40 wanaishi karibu zaidi. Septemba wa mbali walikosa siku 22 kati ya 400, yaani asilimia 5.5, na wa karibu siku 38 kati ya 800, yaani asilimia 4.75. Tofauti ni ndogo. Machi wa mbali walikosa siku 76 kati ya 400, yaani asilimia 19, ilhali wa karibu walikosa siku 44 kati ya 800, yaani asilimia 5.5. Karibu ongezeko lote limetoka kwa watoto wanaotembea mbali katika mwezi wa mvua. Darasa sasa lina nadharia tete ya pili: mvua na umbali kwa pamoja ndivyo vinavyowazuia, pengine kwa sababu ya vijito kujaa, pengine kwa sababu njia hazipitiki alfajiri. Jedwali halisemi ni lipi kati ya hayo. Kujua kunahitaji safu nyingine, kwa mfano kama njia ya mtoto inavuka kijito, na siku ambazo mvua ilinyesha usiku.

Tofauti kati ya majibu haya mawili si ya kitaaluma tu. Shule inayoamini kwamba tumbaku ndiyo chanzo itaitisha kikao na wazazi na viongozi wa chama cha msingi cha ushirika. Shule inayoona kwamba chanzo ni umbali na mvua itapeleka kwa serikali ya kijiji ombi la kivuko cha miti, au itafikiria hosteli au kituo shikizi. Nguvu za wananchi ni zilezile. Zikielekezwa pasipo tatizo, Machi inayofuata itakuta madawati yaleyale yakiwa matupu. Inawezekana pia kabisa kwamba tarakimu halisi za shule fulani zitaonesha kinyume, yaani kwamba tumbaku ndiyo chanzo. Hilo litakuwa jibu zuri vilevile, na kikao cha wazazi kitakuwa na ushahidi mkononi badala ya tuhuma.

Wilaya ya Urambo yenyewe ina kumbukumbu kubwa ya jambo lililoaminiwa kabla ya kupimwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma ujumbe ulioizunguka Tanganyika kwa wiki chache, na mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Karanga katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni tatu kwa matrekta. Kauli iliyobeba mpango wote, ingawa haikuandikwa hivyo, ilikuwa kwamba ardhi hiyo ina mvua na udongo wa kutosha kwa karanga zinazolimwa kwa mashine. Hiyo ni nadharia tete halali kabisa. Ilihitaji kumbukumbu za mvua za miaka mingi na mashamba machache ya majaribio.

Badala yake matrekta yalitangulia. Kumbukumbu za mvua za Kongwa zilikuwa chache mno kuonesha jinsi mvua zake zinavyobadilika mwaka hadi mwaka. Udongo wake wenye mfinyanzi uligeuka mgumu kiangazi kilipoingia, karanga zikabaki zimeng'ang'ania ardhini, na mchanga ukala vyuma vya majembe. Mpango ulisitishwa Januari 1951, ukiwa umewagharimu walipakodi wa Uingereza takriban pauni milioni 36. Urambo iligeukia tumbaku, zao linaloendelea kuutambulisha Mkoa wa Tabora hadi leo. Kwa hiyo mtoto wa Usoke anayejaza safu ya "kaya inalima tumbaku" anajaza, bila kujua, matokeo ya jaribio lililoshindwa miaka mingi kabla ya wazazi wake kuzaliwa. Mwalimu wa historia na mwalimu wa hisabati wangeweza kulifundisha somo hili pamoja, jambo ambalo ratiba za shule huliwezesha mara chache.

Historia ya eneo hili ina mada nyingine inayovutia. Tabora, iliyokuwa ikitajwa na wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu, vitambaa, shanga na waya, na kwa njia hiyohiyo watu waliotekwa walipelekwa pwani. Wazee wengi wa Tabora na Ujiji watamwonesha mgeni miembe mikongwe na kumwambia kwamba ndiyo alama ya njia ya misafara. Hiyo ni kauli inayopimika.

Darasa linaweza kuunda kanzidata ya miembe mikongwe ya kata yake: mahali ulipo kwa viwianishi vya simu, mzingo wa shina kwa sentimeta ukipimwa urefu wa kifua cha mtu mzima, na jirani yake wa karibu ni nini, iwe ni makazi ya kale, kanisa, msikiti, stesheni ya reli au barabara. Ikiwa kauli ya wazee ni kweli, miembe yenye mashina manene ingejipanga kwa mstari wa magharibi na mashariki, mbali na stesheni. Ikiwa miembe hiyo imezunguka stesheni, basi huenda ilipandwa baada ya reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ikiwa imetawanyika kila palipokuwa na kaya, huenda ni miembe ya watu waliopenda maembe. Hakuna jibu kati ya hayo lenye aibu. Mwalimu akumbushe tu kwamba unene wa shina si cheti cha kuzaliwa. Mwembe ulio karibu na maji hunenepa upesi kuliko ulio kichangani.

Wanafunzi wakubwa wanaweza kuongeza jedwali la pili, la safari zilizoandikwa. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh Novemba 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Henry Stanley alipita Tabora mwaka 1871, lakini hakuweza kwenda moja kwa moja magharibi, kwa sababu Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na njia ilikuwa imefungwa. Alizunguka kusini ndipo akamkuta David Livingstone Ujiji. Livingstone naye alipoondoka Tabora Agosti 1872 alielekea kusini. Rekodi hizo chache zinatosha kuitikisa nadharia tete ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, kwamba njia ya misafara ilikuwa barabara moja iliyonyooka kama reli. Ilikuwa ikihama kufuatana na vita, maji na ushuru uliotozwa na watemi.

Kanzidata za kitaifa nazo zipo wazi kwa matumizi ya darasani. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iliihesabia Tanzania watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. Mkoa wa Tabora ulitoka watu 2,291,623 hadi 3,391,679. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kupima kwa dakika tano kauli kwamba Tabora inakua haraka kuliko nchi kwa jumla: mkoa umeongezeka kwa asilimia 48, nchi kwa asilimia 37. Kauli imesimama. Hapo mwalimu aulize kwa nini, kisha awaache wagundue kwamba tarakimu hizo mbili peke yake haziwezi kujibu, kwa kuwa hazitenganishi waliozaliwa mkoani na waliohamia wakitafuta mashamba na malisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo ina kumbukumbu za kituo cha Tabora, zinazofaa kupima usemi unaosikika kila mwaka kwamba mvua siku hizi zinachelewa. Ugumu wake hauko kwenye hesabu. Uko kwenye kukubaliana mapema mvua "imeanza" lini: tone la kwanza, au siku ambayo mkulima anaweza kupanda bila mbegu kukauka?

Kwa masomo ya baiolojia upo mradi wa Snapshot Serengeti, ambao tangu mwaka 2010 uliweka kamera 225 katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, zinazojipiga picha zenyewe mnyama anapopita. Mamilioni ya picha hizo yalitambuliwa na watu wa kujitolea duniani kupitia intaneti, na kanzidata yake iliwekwa wazi. Mwanafunzi anaweza kuuliza kama simba hupita mahali fulani zaidi usiku kuliko mchana, akachuja kwa saa na kupata jibu. Ni kanzidata nzuri, yenye kasoro moja kwa mtoto wa Usoke: hawezi kwenda kuhakiki rekodi yenye mashaka. Ya mahudhurio na ya miembe anaweza.

Yapo makosa mawili ambayo mwalimu hana budi kuyatazamia. La kwanza ni kuvua. Jedwali lenye safu nyingi likichujwa kila upande, hatimaye patatokea uhusiano wa bahati tu: wanafunzi waliozaliwa Juni watakuwa wamekosa siku nyingi, na mtu atatunga sababu. Ndiyo maana nadharia tete huandikwa na kutiwa tarehe kabla ya kufungua tarakimu. Uhusiano uliojitokeza baadaye haukatazwi, ila huandikwa kama nadharia tete mpya na kupimwa kwa daftari la mwaka mwingine au la darasa jingine. La pili ni alama. Mwalimu akimpa alama nyingi mwanafunzi ambaye kauli yake imethibitika na chache yule ambaye yake imeanguka, baada ya muhula mmoja hakuna kauli itakayoanguka tena. Watoto ni wepisi wa kujifunza kinacholipa.

Suala la taarifa za watu linahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatambua taarifa za watoto na taarifa za afya kuwa ni taarifa nyeti. Kwa hiyo majina yasiingie katika jedwali la darasani. Mwalimu abaki peke yake na orodha inayounganisha namba na jina. Hata hivyo, kuondoa jina hakutoshi kila mara. Ikiwa ni mwanafunzi mmoja tu anayeishi kilomita saba kutoka shuleni, kila mtu darasani atamtambua kwa safu ya umbali. Makundi yenye watu wachache yaunganishwe, na maswali yanayoweza kumdhalilisha mtoto, kama vile ya chakula nyumbani au ya maradhi katika familia, yasiingizwe kabisa bila ridhaa ya mzazi na idhini ya uongozi wa shule.

Swali la mwisho huulizwa na walimu karibu kila mara: itakuwaje shule isiyo na kompyuta, au yenye kompyuta na isiyo na umeme wa uhakika? Jibu ni kadi. Karatasi ngumu moja ya manila ikikatwa hutoa kadi nyingi. Kila mwanafunzi hupata kadi moja yenye namba yake, na sehemu zilezile nne au tano zimeandikwa mahali palepale kwenye kila kadi. Kuchuja ni kugawa kadi katika mafungu mezani. Kuchuja mara mbili ni kuligawa kila fungu tena. Kadi 60 hugawika kwa umbali na kwa tumbaku ndani ya kipindi kimoja, na wanafunzi huona kwa macho yao fungu la wa mbali likibaki dogo huku siku zake za kukosa zikizidi za fungu kubwa. Kompyuta itakapofika, watakuwa tayari wanajua kazi yake ni nini. Kadi zitunzwe ofisini katika bahasha iliyoandikwa mwaka na darasa, kwa sababu darasa la mwaka unaofuata litazihitaji kulinganisha Machi yao na hii.